Hiyo Asilimia Kumi Haimo Katika Sheria Yetu

Swali limefika tena, safari hii kutoka Kimali, wilayani Meatu. Mwalimu wa sekondari anayesomea shahada ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania huku akiendelea na kazi anataka kuhakikishiwa kwamba yuko salama akitoa kopi asilimia kumi tu ya kila kitabu kilichoorodheshwa kwenye kozi yake. Kabla yake aliuliza mkufunzi wa chuo mjini Bariadi, aliyetaka kuwaandalia wanachuo wake kitini cha muhula. Na kabla ya mkufunzi alikuwapo mwenye steshenari, ambaye hata hakuuliza. Yeye alinieleza, kwa uhakika wa mtu aliyeisoma sheria, kwamba serikali inaruhusu asilimia kumi, na kwamba ndiyo maana yeye huvitoa vitabu sehemu sehemu.

Wote watatu wana nia njema, na wote wamekosea pahali pamoja. Basi nijibu kwa maandishi, na mkutubi yeyote wa Simiyu akitaka alikate jibu hili alibandike ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ni Sura ya 218 ya sheria za Tanzania, haina asilimia kumi. Haina asilimia tano wala ishirini. Haina "sura moja kwa kila kitabu" wala "kurasa hamsini kwa kila mwanafunzi". Kifungu cha 12, kinachoeleza matumizi yasiyohitaji ruhusa ya mtunzi, kinapima kwa maneno. Hakipimi kwa hesabu ya kurasa. Anayekuambia vinginevyo mwombe akuoneshe mstari wenyewe. Nimewaomba wengi, na hakuna aliyeuonesha.

Namba hii ina asili yake, na asili hiyo inafaa ijulikane, maana ndiyo inayoonesha jinsi isivyotuhusu. Mwaka 1976 Marekani ilitunga upya sheria yake ya hakimiliki. Muswada ulipokuwa ukijadiliwa, wawakilishi wa waandishi, wachapishaji na walimu walikubaliana miongozo ya kudurufu kwa matumizi ya darasani, na miongozo hiyo ikaambatishwa kwenye ripoti ya Baraza la Wawakilishi. Haikuwa sehemu ya sheria hata huko kwao. Kwa maandishi ya nathari, mwongozo uliruhusu dondoo isiyozidi maneno 1,000 au asilimia 10 ya kazi nzima, kutegemea kipi ni kidogo zaidi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyodondoka njiani. Kitabu cha maneno 80,000 kinatoa, kwa mwongozo huo, maneno 1,000, yaani kurasa tatu hivi. Hakitoi kurasa thelathini. Miongozo hiyo hiyo ilikataza kopi zichukue nafasi ya kununua vitabu, na ilikataza dondoo zikusanywe ziwe kitabu cha masomo. Pamoja na hayo, vyama vya wahadhiri wa vyuo vikuu na vya shule za sheria vya Marekani vilikataa kuiunga mkono, vikisema inabana mno kwa ngazi ya chuo. Kwa hiyo kilichofika kwenye meza ya steshenari Bariadi ni kipande cha mwongozo wa nchi nyingine, ambao si sheria, kilichokwisha kukatwa masharti yake yote.

Zipo nchi ambazo asilimia 10 imo ndani ya sheria yenyewe. Sheria ya Australia ya mwaka 1968 inataja asilimia 10 ya kurasa, au sura moja, kuwa kiasi kinachokubalika kwa anayetafiti au kujisomea. Uingereza namba kama hiyo imo kwenye leseni ambazo vyuo huzilipia. Mtu akisoma tovuti ya maktaba ya chuo cha Melbourne au London atakuta tangazo la asilimia 10, na tangazo hilo litakuwa sahihi kabisa kwa Melbourne na London. Kulihamishia huku ni sawa na dereva anayeendesha upande wa kulia katika barabara ya Bariadi hadi Lamadi kwa sababu amesoma kitabu cha udereva cha Marekani.

Tuchukulie hata hivyo kwamba namba hiyo ni yetu. Jaribuni kuitumia muone. Makala ya jarida yenye kurasa nane: asilimia 10 ni chini ya ukurasa mmoja, na hakuna mwanafunzi anayeweza kujifunza chochote kwa robo tatu ya ukurasa wa utangulizi. Shairi la mistari ishirini: mistari miwili. Jedwali moja, ramani moja, mchoro mmoja wa moyo wa binadamu: asilimia 10 yake ni nini? Geuzeni upande wa pili. Mkufunzi anatoa asilimia 10 ya kitabu wiki ya kwanza, asilimia 10 nyingine wiki ya pili, na kufika wiki ya kumi darasa zima lina kitabu kizima na hakuna aliyekinunua. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojazwa ni kitabu cha mtu. Namba hii inamzuia anayestahili na inamfungulia mlango asiyestahili. Kipimo chenye kasoro ya namna hiyo hakiwezi kuwa kinga ya mtu yeyote.

Mahakama za nje zimekwishaliona hili. Mwaka 2008 wachapishaji watatu, wakiwamo Cambridge University Press na Oxford University Press, walikishtaki Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia, Marekani, kwa kuwawekea wanafunzi dondoo za vitabu kwenye mtandao wa maktaba. Mwaka 2012 jaji wa kwanza alitumia kipimo cha asilimia 10 au sura moja. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilikikataa kipimo hicho na kuagiza kila dondoo ipimwe peke yake kwa mazingira yake. India nako, Oxford, Cambridge na Taylor & Francis walilishtaki mwaka 2012 duka dogo la fotokopi, Rameshwari, lililokuwa ndani ya Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Delhi ilikataa kuifungia kazi ya kufundisha kwenye idadi ya kurasa, na ikasema kipimo ni kile ambacho ufundishaji unakihitaji kwa haki. Wapo waliosoma habari hiyo wakashangilia kwamba sasa vitini vyote vya masomo ni halali Afrika Mashariki. Hapana. Sheria ya India ina kifungu chake mahususi kuhusu mwalimu na mwanafunzi wakati wa mafunzo, na maneno yake si ya kifungu chetu cha 12. Tusiitupe namba ya Marekani halafu tukaazima hukumu ya Delhi kwa uvivu ule ule.

Sheria yetu inauliza mambo yanayojibika. Inauliza nani anadurufu, kwa ajili ya nani, kwa kazi gani, na kopi hiyo inamfanya nini mwenye kitabu. Mtu anaruhusiwa kujitolea nakala ya kazi iliyochapishwa kihalali kwa matumizi yake binafsi. Mwalimu anaruhusiwa kuitumia kazi kama kielelezo cha kufundishia, kwa kiasi ambacho somo linakihitaji kweli, akitaja mtunzi na chanzo. Maktaba za umma, taasisi za kisayansi na za elimu na vituo vya nyaraka visivyo vya biashara vinaruhusiwa kudurufu, ilimradi idadi ya nakala isizidi mahitaji ya shughuli zao, kopi zisigongane na namna ya kawaida ya kuiuza kazi hiyo, wala zisiumize isivyostahili maslahi halali ya mtunzi. Someni tena masharti hayo ya mwisho. Uzito wote wa jambo umo humo, na hakuna mkato wa namba unaoweza kuyakwepa.

Sasa niwarudie watu wangu watatu.

Mwalimu wa Kimali: akifika kituo cha chuo chake mkoani, akakuta kitabu ambacho hakiruhusiwi kutoka maktaba, akajitolea nakala moja ya sura anazozihitaji ili azisome nyumbani, amefanya kitu ambacho sheria ilikusudia akifanye. Zikiwa sura mbili, tatu, hata kama zimevuka hiyo asilimia yake, asipoteze usingizi. Akitoa kitabu kizima kinachopatikana dukani kwa sababu tu kopi ni nafuu, hapo mimi simtetei. Na akipiga picha kurasa zile kwa simu, zikibaki kwenye simu yake ni za kujisomea. Akizituma kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia tatu, matumizi binafsi yamekwisha pale pale alipobonyeza kutuma.

Mkufunzi wa Bariadi: kurasa chache za kuchambuliwa darasani, jedwali, mfano wa hesabu za kampuni, kipande cha hoja anachotaka wanachuo wakipinge, vyote hivyo ni vielelezo vya kufundishia. Aviweke kwenye kitini chake, ataje majina ya watunzi, aendelee na kazi. Lakini kitini chenye sura sita za kitabu kimoja cha kiada, kinachogawiwa wanachuo mia moja na ishirini kila muhula mwaka hadi mwaka, kimekuwa mbadala wa kitabu. Hicho kinahitaji ruhusa au leseni, hata kama sura sita hizo ni asilimia tisa tu ya kitabu chote.

Mwenye steshenari: yeye si maktaba, si mwalimu, wala si mwanafunzi. Mtu akimletea kurasa zake amtolee, anamsaidia mtu huyo na matumizi yake. Akiweka nakala mama ya kitabu chini ya kaunta, iliyofungwa waya wa mviringo, na kuiuza kila Oktoba wanachuo wapya wanapofika, anafanya biashara ya kazi ya mtu mwingine. Asilimia yake ni sifuri, na sioni haja ya kuizunguka.

Mshirika wa asilimia kumi ni ule muhuri wa "Kwa matumizi ya masomo tu", unaogongwa kwenye ukurasa wa kwanza kana kwamba ni dawa. Muhuri haubadilishi chochote. Kopi halali ni halali bila muhuri, na kopi haramu inabaki haramu hata ikigongwa kila ukurasa. Kutaja jina la mtunzi ni wajibu, maana ni haki yake ya kimaadili ambayo sheria inailinda, lakini nako hakumwondolei mtu sharti la kuomba ruhusa pale inapohitajika. Wino huo utumike kugonga mihuri ya tarehe za kurudisha vitabu.

Nakasirishwa na namba hii kwa sababu ya madhara yake, nami nimeyaona ya pande zote mbili. Upande mmoja, wakutubi wenye hofu huwakatalia watu kopi wanazostahili. Kitabu kilichokwisha madukani, ambacho mchapishaji wake amefunga na nakala ya pekee inaliwa na mchwa, maktaba inaweza kuwa na sababu nzuri sana ya kukidurufu chote ili kisipotee, kwa kuwa hakuna soko linaloumizwa. Mkutubi anayeabudu asilimia kumi atakiacha kife. Upande wa pili wapo waandishi wetu wenyewe. Vitabu vya chuo vilivyoandikwa na Watanzania, hasa vya Kiswahili, huchapwa nakala chache. Mauzo yakiishia kwenye nakala moja inayozalisha mamia kwenye mashine, mchapishaji hana sababu ya kuchapa toleo la pili, na mhadhiri aliyetoa miaka yake kuandika hana sababu ya kuandika cha pili. Mwaka unaofuata tunalalamika kwamba vyuo vyetu havina vitabu vyetu. Tumeviua wenyewe, kwa vipande vya asilimia kumi.

Najua hoja ya umaskini, na siidharau. Mwanafunzi wa Meatu ambaye ada yake imetokana na pamba ya wazazi hana fedha za kitabu cha kigeni. Dunia nayo imelijua hilo muda mrefu: Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, una kiambatisho cha mwaka 1971 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, na nchi zenye maendeleo duni zimeongezewa muda hadi 2034 kabla ya kubanwa na sehemu kubwa ya makubaliano ya haki miliki ya Shirika la Biashara Duniani. Lakini nafuu hizo ni za serikali kuzitumia katika kutunga sheria. Maadamu sheria iliyopo ni ya 1999, mwenye mashine ya fotokopi hawezi kujitungia nyingine.

Njia halali zipo, na nyingi ni rahisi kuliko foleni ya fotokopi. Nazitaja haraka.

Peaneni kiungo badala ya kopi. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hupata bure majarida na vitabu vya mpango wa Research4Life, unaojumuisha afya, kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Ushirika wa maktaba za vyuo na utafiti nchini, COTUL, hulipia hazina nyingine kwa niaba ya wanachama wake. Muulizeni mkutubi nywila kabla hamjamuuliza bei ya kopi. Majarida ya Afrika yapo kwenye African Journals Online, na mengi husomwa bila malipo.

Tumieni kazi zenye leseni huria. Leseni yenyewe imeandika mnachoruhusiwa, isomeni. Wanaosoma sheria wasinunue kopi za hukumu na sheria za nchi: maandishi rasmi ya namna hiyo hayalindwi na hakimiliki, nayo yanapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Walimu wa sekondari waanzie kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Chungulieni umri wa haki. Ulinzi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Maandishi yake mwenyewe yalitoka kwenye ulinzi wa sheria yetu mwishoni mwa 2012. Dibaji na maelezo ya mhariri katika toleo jipya yana haki zake, hayo msiyaguse.

Nunueni nakala tatu au nne, muziweke kwenye akiba maalumu ya kusomwa kwa saa chache. Ni mbinu ya kale na inafanya kazi.

Andikeni vitini vyenu. Hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoandikwa. Mawazo na ukweli wenyewe ni wa wote. Mhadhiri anayeijua mada yake anaweza kuieleza kwa maneno yake, na wanachuo watamwelewa vizuri zaidi.

Ombeni ruhusa. Barua ya nusu ukurasa yatosha: jina la kitabu, kurasa, idadi ya nakala, muhula. Wachapishaji wa Dar es Salaam wana anwani na simu. Wengine watakubali, wengine watataja bei, na bei hiyo mara nyingi inalipika chuo kikilipa kwa pamoja.

Ulizieni leseni ya jumla. Wakenya wana KOPIKEN, chombo cha kutoa leseni ya namna hiyo. Kwetu, marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliifanya COSOTA, iliyokuwa Chama cha Hakimiliki, kuwa Ofisi ya Hakimiliki na kufungua njia kwa vyombo vya kukusanya mirabaha. Iandikieni iwaelekeze kwa chombo chenye kibali cha kazi za maandishi. Vyuo vya Zanzibar viende COSOZA, chombo cha hakimiliki cha huko, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, na kifungu chetu cha 12 hakivuki bahari.

Na msimnyime msomaji asiyeona. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh mwaka 2020, na lengo la mkataba huo ni kitabu kizima kigeuzwe kuwa cha nukta nundu, sauti au maandishi makubwa. Kumpa asilimia kumi ya kitabu ni kumfukuza kwa heshima.

Limebaki jambo ambalo mkutubi hawezi kulifanya peke yake. Vyuo vingi humwachia kijana wa mashine uamuzi wa kisheria, kisha mambo yakiharibika humlaumu yeye. Baraza la chuo lipitishe sera ya ukurasa mmoja: nani anaruhusiwa kutoa nini, nani anaandika barua za ruhusa, fungu gani la bajeti linalipia leseni, na steshenari iliyopangishwa ndani ya uzio wa chuo itafanya nini na nakala zake mama. Ukurasa huo uandikwe na mtu aliyekisoma kifungu cha 12, uwe umebandikwa kabla ya Oktoba, na pasiwepo humo asilimia yoyote.